Wimbi Linalotangulia

Bhavnagar, 2 Januari

Mwanangu Kandarp,

Jai Shri Krishna. Hujambo huko juu angani? Unakula? Unalala? Usinijibu kama unavyowajibu waandishi wa habari, eti kila kitu kinakwenda vizuri. Nijibu kama mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti ya bibi yako, na hayo hayajapata kuwa na nafuu tangu niolewe katika nyumba hii. Mkeo Hemali ni mzima. Tumbo linakwenda mbele, na anakula achari ya ndimu asubuhi na mapema hadi kiungulia nakipata mimi. Sherehe yake ya kujazwa nazi na mchele mapajani tumeipanga baada ya sikukuu ya Uttarayan. Huu ni mwezi wa nuksi, na bibi yako hataki hata uzi mpya utungwe kwenye sindano kabla jua halijageuka kuelekea kaskazini. Mimi ni daktari wa fizikia, nimenyamaza. Vita na bibi yako nilishindwa zamani.

Sasa niambie habari za kisanduku changu. Naambiwa wamekifunga ndani ya kijichumba chako cha kulala, karibu na miguu. Usikipige teke. Nimekililia miaka na miaka ndipo wakakubali kukipandisha.

Najua darasani kwangu ulikuwa unasinzia, kwa hiyo narudia. Huko mliko si utupu. Kuna hewa nyembamba mno ambayo jua limeichanachana ikawa umeme mtupu, ndiyo plazma. Chochote kinachopita humo, skrubu iliyochomoka au ganda la rangi kutoka satelaiti kuukuu, hupata chaji, na kikienda mbio huinua mawimbi. Rada za ardhini huona vitu vya ukubwa wa sufuria. Kitu cha ukubwa wa kidole hazikioni, na kidole kwa mbio zile hutoboa chuma. Mimi nasema hivyo vidogo tutavisikia kwa mawimbi yake. Anantbhai, mkurugenzi wetu, huwaambia wageni, "Nirupamaben huyu, kazi yake ni kusikiliza vumbi." Wageni wanacheka, na mimi nawamiminia chai.

Na wewe unayesoma barua zetu kabla hazijapanda, salamu pia. Najua ndiyo kazi yako, sina kinyongo.

Mama yako

*

Kituoni, 4 Januari

Mama yangu mpenzi,

Nakugusa miguu, ingawa huku hakuna anayejua miguu iko upande gani. Mimi mzima. Nakula, nalala, na uso umenivimba kama puri ndani ya mafuta kwa sababu damu imesahau njia ya kushuka. Mwambie Hemali asitazame picha za wiki hii.

Wenzangu wanakusalimu. Kanali Dhillon, mkuu wetu, ni mama wa Kipunjabi asiyetaka mchezo kazini, lakini chapati zako za uwatu zimemlainisha. Ilango, fundi wetu wa Kitamil, anaziiba. Nimemshika mara mbili. Anasema eti zilielea zenyewe hadi mdomoni mwake.

Kisanduku chako kinafanya kazi. Siku za mwanzo mstari wake ulikuwa umelala tu. Tangu juzi, kila tukiizunguka dunia na kufika mahali fulani, unainuka nundu moja, kisha unalala tena. Tunamaliza mzunguko kwa saa moja na nusu, tunafika palepale, nundu tena. Ilango amekipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu hakipitishi mzunguko bila kunung'unika.

Niambie ni nini ili niwatambie hawa.

Mwanao

*

Bhavnagar, 6 Januari

Kandarp mwanangu,

Jai Shri Krishna. Natumaini mko wazima nyote watatu. Sisi wazima.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Kelele ya mitambo haijirudii mahali pamoja kila mzunguko. Hicho ni kitu. Kina njia yake, na njia yake inakatana na yenu. Nimepekua orodha nzima ya takataka zinazofuatwa na rada, na mahali hapo hakuna kilichoandikwa. Maana yake ni kidogo, na hakuna anayekiona ila kisanduku chako.

Nimeogopa. Nakwambia wewe kwa sababu hapa nyumbani siwezi kusema. Nyumba yenye mja mzito haiingizwi habari mbaya, na bibi yako amezima hata redio. Basi mezani nacheka, kisha naingia bafuni nafungulia bomba lote, wadhani naoga.

Nilikwenda kwa Anantbhai. Akanisikiliza huku anakuna kidevu.

"Nirupamaben," akasema, "kusogeza kituo si kusogeza kiti. Mafuta yao ni ya kupima. Nikiwaambia wakubwa wasogeze kwa sababu ya kisanduku kisichothibitishwa, na mwenye kisanduku ni mama wa mwanaanga, watasemaje?"

"Watasema mama yake ana masikio."

"Watasema mama yake amechanganyikiwa. Niletee jibu moja tu. Kitu hicho kiko mbele yao au nyuma yao?"

Sura yake iliniudhi, lakini swali ni la haki. Kitu kidogo huburutwa na ile hewa, kikashuka kidogokidogo, na kadiri kinavyoshuka ndivyo mbio zake zinavyozidi. Ikiwa pale njia zinapokatana kinapita kabla yenu, kila mzunguko kinazidi kuwaacha, kwaheri yake. Ikiwa kinapita baada yenu, kila mzunguko kinazidi kuwakaribia.

Nitumie michoro yote, hata ile mnayoona haina maana. Na msikae mbali na chombo chenu cha kurudia.

Mama yako

*

Kituoni, 9 Januari

Mama,

Nakugusa miguu. Natumaini mgongo wako hauumi kwa kukalia kile kiti cha maabara. Michoro yote imeshuka kwako jana. Hapa tuko wazima, maana yake tunapumua.

Mama, naogopa. Sentensi hiyo niliiandika nikaifuta, kisha nikaiandika tena. Nyumbani ukiogopa unatoka nje, unapunga upepo. Huku nje ndiko kunakotisha. Tumehamishia mifuko ya kulalia mlangoni mwa chombo cha kurudia. Mahali pale panapokaribia hakuna anayetangaza, ila wote watatu tunajua. Ilango anashika chuma cha ukutani kama mtu aliyepanda basi la milimani. Kanali anasoma sala zake chinichini. Nundu inainuka, inalala, halafu tunacheka kama wapumbavu na mtu mmoja anauliza nani ana njaa.

Jana na leo nundu imekuwa fupi kidogo. Ni heri au ni shari? Kanali ameniambia, "Muulize mama yako, achana na wale wa chini, wao kila siku wanafanya vikao." Kwa hiyo nakuuliza wewe. Kiko mbele au nyuma? Lolote utakalosema, ndilo tutakaloshika.

Usimwambie Hemali kitu. Jana kwenye simu aliniuliza kwa nini sauti yangu imekauka, nikamwambia ni hewa ya mashine.

Mwanao

*

Bhavnagar, 12 Januari

Kandarp wangu,

Jai Shri Krishna, na lala usingizi mwanangu! Lala hadi Kanali akumwagie maji, kama huko maji yanamwagika.

Nimeipitia michoro yote, mmoja baada ya mwingine. Nundu inapungua kwa sababu chanzo chake kinakwenda mbali. Mnachosikia ni mkia wake, mawimbi kiliyoyaacha nyuma kama mtumbwi uliokwishapita. Kiko mbele yenu na kinazidi kuwaacha. Nimeandika ripoti, nimetia saini, na Anantbhai ameipeleka kwa wakubwa leo hii. Aliagiza jalebi kwa ofisi nzima. Akasema, "Nirupamaben, leo vumbi limesema neno la maana." Nikala jalebi nne.

Mji umeanza kelele za Uttarayan. Barabarani kwetu wamesimamisha miti, wanazungusha nyuzi za tiara na kuzipaka gundi ya waridi yenye vioo vya kukatia nyuzi za tiara za wenzao, na bibi yako anagombana na kila mmoja wao kana kwamba barabara ni ukumbi wake. Hemali amechagua sari ya kijani kwa sherehe yake. Mara ya kwanza baada ya siku nyingi nimekula nikasikia ladha ya chakula.

Salamu kwa Ilango. Mwambie Mama Mkwe amemaliza kununa.

Mama yako

*

Kituoni, 13 Januari

Mama, Mama, Mama,

Nakugusa miguu yote miwili. Barua yako Kanali aliisoma kwa sauti, Ilango akalia. Sasa anakana, anasema ni vumbi.

Tumelala. Niliamka uso una alama za zipu. Na kwa kuwa ripoti yako imewatuliza wakubwa, kazi ya nje imeruhusiwa. Kuna paneli ya jua iliyokwama, na kila wiki walikuwa wakituahirisha "kwa sababu za kiufundi." Mama, hata Kanali anajua ni mwezi wa nuksi, hakuna mkubwa aliyetaka kutia saini mtu atoke kabla ya Uttarayan. Basi kesho jua likishageuka, alasiri ya huko kwenu, mimi na Ilango tunatoka. Nitakupungia mkono tukipita juu ya Ghuba ya Khambhat.

Kichekesho cha leo. Tulipofika mahali petu pale pa zamani, nundu ikainuka, ikalala. Kitambo kidogo baadaye Ilango, aliyekuwa dirisha la nyuma, akaona kitu kinametameta kwa jua, mara moja tu, kikazimika. Anasema ni tiara ya Mgujarati iliyokatika uzi. Nikamwambia Wagujarati hawapotezi tiara, wanaifuata hadi paa la jirani.

Busu kwa Hemali. Mwambie sauti yangu imepona.

Mwanao

*

Bhavnagar, 14 Januari

Kandarp, sina salamu leo. Usitoke nje. Kama umetoka, rudi ndani. Ingieni chombo cha kurudia nyote watatu, mfunge mlango.

Wewe unayesoma barua hii, usiiache ingoje furushi la barua la jioni. Nakuomba kwa tumbo lililokuzaa. Ipeleke sasa hivi.

Nimekosea. Kiko nyuma yenu.

Barua yako imenifika asubuhi hii. Niliposoma Ilango ameona mng'aro dirisha la nyuma, baada ya nundu, kikombe kiliniponyoka. Nundu kwanza, kitu baadaye. Maisha yangu yote nimefundisha hilo. Kitu chenye chaji kikienda mbio kuliko mawimbi ya plazma, baadhi ya mawimbi hukitangulia. Wewe mwenyewe uliliona ufukweni Alang, marehemu baba yako alipotupeleka kutazama meli kuukuu zikipandishwa nchi kavu. Kwenye kina kifupi kile maji yenyewe yaliinuka na kuja, tukalowa miguu, na meli bado ilikuwa nyuma. Ningemfelisha mwanafunzi yeyote ambaye angeliita wimbi hilo mkia. Nikaliita mkia mimi, kwa sababu nilitaka liwe mkia. Nundu ilipungua kwa kuwa jua lilitulia na plazma ikakonda, basi. Sikuangalia, nilikuwa nimeshapata jibu nililokuwa naliomba.

Nimempigia Anantbhai, simu haipokelewi. Leo ni Uttarayan, Gujarati nzima iko juu ya mapaa. Nikaenda kwa miguu, bajaji hazipiti kwa umati. Nimepanda hadi paa lake. Muziki unapasua masikio, mikono yake inatoka damu kwa kukatwa na uzi, mkewe ananisukumia sahani ya mboga za sikukuu, "Kula kwanza, dada, kula!" na jamaa zake wanapiga kelele, "Ameikata! Ameikata!"

Nikamvuta shati. "Anantbhai, kiko nyuma yao."

"Kipi?"

"Kitu. Ripoti yangu si kweli. Piga simu."

Akanitazama, kisha akaitazama tiara yake. "Juzi umesema kimepita."

"Nilisema uongo bila kujua. Piga."

Akapiga. Nikamsikia anasema kuna shaka kidogo. Shaka kidogo! Wakamjibu kwamba ripoti wanayo, imetiwa saini, watu wameshavaa suti, na hawawezi kusimamisha kazi kwa shaka ya sikukuu. Akakata simu.

"Saini ni yako, Nirupamaben."

"Niifute."

"Saini haifutwi juu ya paa. Na ukiwasimamisha halafu kisitokee kitu, kisanduku chako kimekufa, hakuna atakayekipandisha tena. Fikiri."

"Kife. Waambie ni kibovu, waambie mimi ni mwendawazimu, lakini warudishe watoto ndani!"

Punda yule akaanza kunifundisha utaratibu. Nimeshuka. Naandika nimekaa kwenye ngazi zake, juu yangu wanacheza ngoma. Nimeandika kila kitu kama kilivyo ili wewe unayesoma ujue siropoki.

Mimi, Nirupama Vora, niliyeiandika ripoti ile, nasema ripoti ile ni ya makosa. Rudisheni watoto ndani.

Mama yake

*

Bhavnagar, 15 Januari

Kandarp,

Jai Shri Krishna. Hujambo?

Wakubwa hawajanijibu. Wameniambia mawasiliano ya familia yamesimamishwa kwa muda, na aliyepokea simu alikuwa na sauti ya upole. Watu hawa si wapole.

Hemali ameniuliza kwa nini hukupiga simu ya sikukuu. Nimemwambia ni jua, mitambo imeshindwa. Akaamini, akarudi kukunja nguo za mtoto. Nilitamani anigombeze.

Sijui kama kuna wa kuisoma hii. Nitaandika tu. Nikiacha kuandika nitakuwa nimekubali.

Mama yako

*

Kituoni, 16 Januari

Mama,

Ni mimi. Mimi mzima. Soma hilo mara mbili, kisha endelea.

Anayesoma barua zetu anaitwa Sarojamma. Haruhusiwi kuingia ukumbi wa uongozi. Juzi aliingia, karatasi yako mkononi, akasimama katikati akaisoma yote kwa sauti kuu, hata pale ulipomwita Anantbhai punda. Mlinzi alimshika mkono naye akaendelea kusoma. Alipofika kwenye jina lako zima, mkuu wa zamu akachukua kipaza sauti.

Mimi nilikuwa nje tayari. Nilikuwa nimetia miguu kwenye vishikizo, Ilango anafungua boksi la zana. Sauti ya Kanali ikaja: "Kandarp, rudini. Mama yako amesema." Hakusema uongozi umeagiza. Amesema mama yako. Mama, sijui nilirudije. Kumbukumbu yangu inaanzia mlangoni, napiga kelele mlango ufungwe na ulikuwa umeshafungwa.

Mafuta ya kusogeza yalihitaji hesabu mpya, na muda haukuwepo. Tukakaa kwenye chombo cha kurudia, bega kwa bega. Kisanduku chako tulikiunganisha na skrini ndogo ya mle. Mahali petu pakafika. Nundu ikapanda hadi ikatoka juu ya skrini. Ikashuka. Ilango akapumua, akasema, "Imepita." Kanali akamshika mdomo kwa kiganja. "Wimbi kwanza," akasema.

Ndipo kikaja. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu amegonga sufuria chumba cha pili. Kisha masikio yakaziba na king'ora kikaanza.

Kimetoboa kijichumba changu cha kulala, kikatokea upande wa pili. Tundu linaingia kidole. Hewa ilikuwa inatoka, tumekifungia chumba kile na kila kilichomo. Kisanduku chako kimo mle, kimezimika.

Tunashuka tarehe 18. Wakubwa hawataki tukae tena, na sisi hatutaki hata saa moja. Lakini njia ya kushuka inapita katikati ya takataka zote hizo, na sasa hatuna masikio. Nakuuliza tena, na safari hii natetemeka kuuliza. Njia ni safi?

Mwanao

*

Bhavnagar, 17 Januari

Mwanangu, pumzi yangu,

Jai Shri Krishna. Bibi Sarojamma, kama ni wewe bado unayesoma, na kama hawajakufukuza, nakuinamia hadi chini. Wakikufukuza njoo Bhavnagar, nyumba yangu ni yako.

Leo asubuhi wakubwa wamekuja wenyewe kwa ndege. Anantbhai alinibebea mkoba. Wakanikalisha mbele, wakaniita profesa, wakaweka karatasi mezani. Wanataka niandike kama njia yenu ya kushuka ni salama.

Nimerudi kwenye michoro yote, tangu siku ya kwanza. Kuna vinundu vingine, vidogo, ambavyo niliviita kelele. Vingine huenda ni kelele. Vingine si kelele. Kisanduku kimekufa na siwezi kuviuliza tena vilikuwa wapi na vinakwenda wapi. Nimekaa mbele ya karatasi ile, wote wananingoja, nikaandika neno ambalo sijawahi kuliandika kwenye karatasi ya kazi: Sijui. Nikatia saini.

Anantbhai akaninong'oneza, "Andika basi, inaonekana ni salama. Uwatulize watoto."

Nikamwambia, "Niliwahi kuwatuliza."

Nisamehe kwamba sina la kukupa zaidi ya hilo, na wewe umeuliza kwa kutetemeka. Kukaa huko nako sijui. Kati ya mawili nisiyoyajua, nachagua lile linalokuleta nyumbani. Shuka, mwanangu. Kaza mikanda, shika mkono wa Ilango, aone aibu baadaye.

Naogopa kiasi kwamba nimemwambia bibi yako. Nilidhani ataanguka. Akasema, "Nimejua tangu mchuzi ulipoanza kukosa chumvi," akanifuta uso kwa pindo la sari yake, akaniambia nilale chumbani kwake. Nimelala chumbani kwa mama mkwe wangu, Kandarp, tumeshikana mikono kama wasichana wa shule.

Mama yako

*

Melini, 19 Januari

Mama,

Niko chini. Tumeangukia baharini jana mchana, wote watatu hai. Tulipita kwenye moto na hatukugongwa na kitu, au tuligongwa na hatukujua. Hakuna anayejua, na hakuna anayeuliza.

Siwezi kusimama, miguu ni ya mtoto mchanga. Wananipa supu, wananipiga picha, wananiambia nicheke. Hemali nimeongea naye, nimemwambia nimerudi mapema kwa ajili ya sherehe yake. Akasema, "Mama yako anafungulia bomba siku nzima na halowi. Mlidhani mimi ni kiziwi?" Kwa hiyo sasa wote tunajua.

Daktari wa meli anasema sina ugonjwa. Lakini Mama, bahari leo imechafuka kidogo. Kila wimbi linapopiga ubavu wa meli, watu wanaendelea na chai yao, na mimi naganda, kijiko hewani, nangoja kinachofuata. Hakiji. Linapiga jingine, naganda tena. Kanali yuko meza ya pili. Nimemtazama, naye kaganda.

Tutafika bandarini kesho. Wanasema kuna gari, mashada na bendi. Nimewaambia sitapanda gari lao. Njoo wewe unichukue.

Mwanao